Sahani ya Mashine ya Kung'arisha Motokaa: Kuifunga na Kuitunza

Mtu asafiriye kutoka Nairobi kwenda Thika kwa barabara kuu iliyomalizika mwaka 2012 huona, tangu akaribiapo Ruiru hata aingiapo Thika yenyewe, karakana nyingi za motokaa na mahali pengi pa kuoshea magari. Si ajabu. Thika ni mji wa viwanda tangu zamani. Reli iliufikia mwaka 1913, na kiwanda cha kuunganisha magari kilichoitwa kwanza Leyland Kenya, ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, kimekuwako hapo tangu miaka ya 1970. Ruiru nayo, ambayo wakulima waijua zaidi kwa mbegu ya kahawa ya Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985, imejaa watu na motokaa. Nyingi za motokaa hizo zilikwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa nchini, na mwenye kuinunua hupenda rangi yake irudie mng'ao wa upya. Kwa sababu hiyo kazi ya kung'arisha rangi kwa mashine imekuwa riziki ya vijana wengi wa sehemu hizi.

Katika kazi hiyo watu husifu dawa, husifu pedi, tena husifu mashine yenyewe. Chombo kisichosifiwa na mtu ni ile sahani ndogo iliyo kati ya mashine na pedi, ambayo mafundi huiita kwa jina lake la Kiingereza, bekingi pleti. Hapa itaitwa sahani. Bei yake ni ndogo ikilinganishwa na bei ya mashine, na labda ndiyo maana hudharauliwa. Lakini sahani isiyofaa, au iliyochakaa, yaweza kuharibu rangi ya motokaa ya mtu kwa kitambo kidogo, na yaweza pia kumpofusha fundi jicho.

KAZI YA SAHANI

Sahani ya kawaida ina tabaka tatu. Nyuma mna bamba gumu la plastiki au la nyuzi za kioo, lenye nati ya chuma katikati. Kisha huja tabaka la sponji, ambalo kazi yake ni kuifanya sahani ikubali mapindo ya bodi, maana boneti ya motokaa si meza. Mbele kabisa mna vijindoano vidogo vya plastiki vinavyoshika manyoya yaliyo mgongoni mwa pedi. Ufundi huo wa vijindoano ni wa mhandisi mmoja wa Uswisi, George de Mestral, aliyezitazama mwaka 1941 mbegu zilizonata katika manyoya ya mbwa wake baada ya matembezi, akapata hati ya kuulinda uvumbuzi wake mwaka 1955. Mtu aliyewahi kupita katika shamba lenye kishonanguo hahitaji maelezo zaidi.

Ili kufahamu kwa nini sahani ina maana kubwa hivyo, yafaa kwanza kujua wembamba wa kitu kinachosuguliwa. Rangi ya motokaa za siku hizi hufunikwa na vanishi angavu, ambayo wapaka rangi huiita klia. Mara nyingi unene wake ni mikroni 40 hadi 50 tu, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwa cha mtu waweza kuwa na unene wa mikroni 70. Basi fundi anayeng'arisha mlango anafanya kazi juu ya kitu chembamba kuliko unywele, naye akiwa ameshika mashine yenye nguvu ya kumyumbisha mkono. Sahani ikikaa upande, au ukingo wake mgumu ukigusa bodi, klia huondoka kabla hajawahi kuzima swichi. Hakuna dawa ya kuirudisha. Mlango wote hupakwa rangi upya, na aghalabu gharama humwangukia fundi.

THREDI ZISIZOPATANA

Mashine za kung'arisha ni za namna mbili. Ya kwanza huzunguka tu mahali pamoja kama gurudumu, na ndiyo yenye nguvu zaidi na hatari zaidi kwa rangi. Ya pili huzunguka na huku ikitikisika kwa duara ndogo. Hiyo haina haraka, tena humsamehe mwanafunzi makosa mengi. Sahani za namna hizi mbili hazibadilishani.

Katika mashine za namna ya kwanza, nyingi zinazouzwa katika maduka ya Kenya zina mhimili wenye thredi ya milimita 14, ambayo huandikwa M14. Umbali kati ya jino na jino ni milimita 2. Mashine za Marekani hufuata kipimo kingine, inchi 5/8 yenye meno 11 katika kila inchi, yaani karibu milimita 16. Jambo hili si la vitabuni tu. Wako vijana wanaoletewa mashine na jamaa walioko Marekani, kisha wakaenda dukani Thika kununua sahani, wakashangaa kwamba haikubali. Fundi akilazimisha, huenda meno yakashika mzunguko mmoja au miwili, halafu sahani ikakwama au ikacheza. Sahani ya namna hiyo haijafungwa, bali imening'inizwa. Tena mwenye mashine hiyo hana budi kutazama umeme kabla ya thredi, kwa kuwa umeme wa Kenya ni wa volti 240, na mashine ya Marekani iliyotengenezwa kwa volti 120 itaungua ikichomekwa ukutani pasipo transfoma.

Njia ya kujaribu ni rahisi. Sahani ishikwe kwa vidole viwili na kuzungushwa kufuata mkono wa saa. Ikiwa thredi ni yenyewe, itaingia polepole hata mwisho pasipo nguvu na pasipo kuyumba. Ikigoma mapema, sababu yaweza kuwa uchafu, na uchafu husafishwa. Ikigoma baada ya kusafishwa, irudishwe dukani.

GRAINDA SI MASHINE YA KUNG'ARISHA

Ipo hatari moja inayotokana na thredi zinazopatana, nayo ni kubwa kuliko ile ya zisizopatana. Grainda ya kukatia vyuma, ambayo haikosekani katika karakana yoyote ya jua kali, mara nyingi nayo ina mhimili wa M14. Sahani ya kung'arishia huingia juu yake vizuri kabisa. Fundi asiye na mashine ya kung'arisha huona kwamba Mungu amemfungulia njia: huondoa diski, hufunga sahani, huweka pedi ya sufu, na kazi huanza.

Tofauti iko katika mwendo. Mashine ya kung'arisha hufanya kazi kwa mizunguko kama 1,000 hadi 2,000 kwa dakika. Grainda ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka yapata mara 11,000 kwa dakika. Na ifanywe hesabu kwa sahani yenye upana wa milimita 180. Mashine ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, ukingo wa sahani huenda mita 14 kwa sekunde, yaani kama kilomita 50 kwa saa, mwendo wa matatu ndani ya mji. Grainda ikizunguka mara 11,000, ukingo ule ule huenda mita 104 kwa sekunde, nao ni zaidi ya kilomita 370 kwa saa. Hakuna gari katika barabara ya Thika liendalo hivyo. Wala nguvu inayoivuta sahani ipasuke haiongezeki kwa kadiri ya mwendo tu, bali kwa mraba wa mwendo. Mwendo umezidi mara 7 na kitu, na nguvu imezidi mara 54 hivi.

Hapo ndipo uonekanapo umuhimu wa maandishi madogo yaliyo nyuma ya sahani. Mtengenezaji wa kuaminika huandika mizunguko ya juu kabisa ambayo sahani yaweza kuvumilia. Tarakimu hiyo ni lazima iwe sawa na mwendo wa juu kabisa wa mashine au iupite. Kama mashine inaandikwa 3,000, sahani ya 4,000 yafaa. Sahani ya 2,500 haifai, hata fundi akiapa kwamba hatazidisha mwendo, kwa maana kidole huteleza juu ya swichi. Sahani isiyo na maandishi yoyote ihesabiwe kuwa haina ahadi yoyote.

Wengine husema kwamba sahani ni sponji, na sponji haiwezi kumwumiza mtu. Wanasahau nati ya chuma na bamba gumu lililofichwa ndani. Wengine hujitetea kwa kutaja grainda zenye kirekebisho cha mwendo. Lakini nyingi za hizo haziendi chini ya mizunguko 2,800, na huo ni mwendo wa juu sana kwa rangi, wala hakuna kinachozuia kirekebisho kusukumwa kwa bahati mbaya. Hata pale sahani inapovumilia, joto la mwendo huo huyeyusha vijindoano na huchoma klia.

Hoja ya tatu ni ya kweli, nayo haistahili kupuuzwa: mashine ya kung'arisha ni ghali kwa kijana anayeanza, na grainda anayo tayari. Lakini si lazima kila mtu awe na yake. Mahali ambapo watu hujiunga katika chama kwa kununua tangi la maji au ng'ombe wa maziwa, wenye karakana jirani watatu au wanne waweza kujiunga kununua mashine moja na sahani zake, wakagawana siku. Wakati huo wote usipofika, kung'arisha kwa mkono na kitambaa ni kazi ya kuchosha, lakini haijampofusha mtu. Mwenye karakana naye akumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imemwekea yeye wajibu wa kuwalinda watu wafanyao kazi kwake. Kijana akiambiwa atumie grainda, neno hilo halikuwa la kijana.

KUIFUNGA

Kabla ya jambo lolote plagi itolewe ukutani. Si swichi tu izimwe, bali plagi itolewe. Mashine za betri nazo zitolewe betri. Mhimili upanguswe kwa kitambaa kikavu, na meno ya nati yatazamwe, kwa kuwa punje moja ya murramu yatosha kuifanya sahani ikae upande. Kama mtengenezaji ameleta washa, iwekwe mahali pake, ile moja aliyoileta. Kuongeza washa za kuokota ili kujaza nafasi ni kosa.

Sahani izungushwe kwa vidole hata mwisho. Kisha fundi abonyeze kitufe cha kuzuia mhimili, akaze sahani kwa mkono au kwa spana iliyokuja na mashine. Hakuna haja ya nguvu za kuvunja mbao, kwa kuwa mashine yenyewe, ikianza kusugua, huzidi kuikaza sahani kuliko kuilegeza. Mtu aliyeikaza kwa bomba refu ataijutia siku ya kuifungua, na huenda akakivunja kitufe. Kitufe hicho kisibonyezwe kamwe huku mhimili ukizunguka. Kuna mafundi wanaokitumia kama breki, na kitufe chao hakidumu.

Kwa mashine za namna ya pili, zile zinazotikisika, kufunga kwake ni tofauti. Baadhi ya sahani zake zina skrubu inayotokeza nyuma, ya inchi 5/16 yenye meno 24 kwa inchi, nayo hukazwa huku mhimili ukizuiwa kwa spana nyembamba. Nyingine hushikwa na skrubu moja inayopita katikati kutoka mbele, inayofungwa kwa ufunguo wa pembe sita. Katika zote mbili ukubwa na uzito wa sahani si hiari ya fundi. Ndani ya mashine mna kipande cha chuma kilichopimwa ili kusawazisha uzito wa sahani na pedi. Mashine iliyopimwa kwa sahani ya milimita 125 ikifungwa ya milimita 150, hutetemeka, huchosha mikono, na huharibu beringi zake kabla ya wakati.

Yafaa pia fundi achore mstari mmoja kwa kalamu ya wino mzito ukingoni mwa sahani ya mashine hii ya pili. Mashine hiyo ikigandamizwa mno huacha kuzunguka, ikabaki kutikisika tu, na wakati huo haing'arishi kitu. Mstari huonyesha kwa macho kama sahani inazunguka au imesimama.

Baada ya kufunga, na kabla ya pedi kuwekwa, mashine ichomekwe na kuwashwa kwa mwendo mdogo kabisa, mbali na uso. Ukingo wa sahani utazamwe kwa upande. Ukionekana ukipanda na kushuka, sahani imepinda au haikukaa. Plagi itolewe tena na kazi ianzwe upya.

PEDI JUU YA SAHANI

Pedi sharti iwe pana kuliko sahani kidogo. Kwa sahani ya milimita 125, pedi ya milimita 140 au 150 hufaa, ili sponji ya pedi izunguke ukingo mgumu pande zote na kuuzuia usifike kwenye rangi. Pedi iliyo sawa na sahani huacha ukingo wazi, na pedi iliyo pana mno hupepea na kujikunja.

Kuiweka katikati ni kazi ya macho na vidole. Fundi aishike mashine sahani ikiwa juu, aiweke pedi, apapase pande zote kuona kama kiasi kinachozidi ni sawa, ndipo aigandamize. Kama haiko sawa, ibanduliwe na kuwekwa tena. Isisukumwe upande huku imeshikwa, kwa sababu vijindoano hukatika. Mashine iwashwe pedi ikiwa imegusa bodi, kwa mwendo mdogo, kisha mwendo uongezwe. Mwenye kuwasha mashine hewani kwa mwendo wa juu huifanya pedi itake kutupwa, na huitawanya dawa juu ya nguo zake na vioo vya gari. Miwani ya kinga ivaliwe tangu mwanzo.

UTUNZAJI

Adui wa kwanza wa sahani ni joto. Msuguano huzaa joto katika pedi, na joto hupanda hata kwenye vijindoano, ambavyo ni plastiki tu. Vikilainika hupoteza umbo la ndoano, vikawa kama manyoya yaliyolala. Basi fundi apumzishe pedi, abadilishe mbili au tatu kwa zamu, na asigandamize kwa uzito wa mwili wake. Baada ya kazi asiibandue pedi ikiwa moto. Aiache ipoe, kisha aibandue kuanzia ukingoni, polepole, bila kuinyakua. Anayeng'arisha kila siku aweza kununua kile kipande chembamba cha kuwekwa kati ya sahani na pedi. Vijindoano vya kipande huchakaa, na vya sahani hubaki.

Adui wa pili ni vumbi. Udongo mwekundu wa sehemu za Ruiru na Thika, uliochanganyika na dawa iliyokauka, hujaza nafasi kati ya vijindoano mpaka pedi haina pa kushika. Kila jioni sahani isafishwe kwa brashi laini. Mswaki wa zamani wafaa sana. Ikiwa imeshikamana na dawa, ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, isuuzwe, ikung'utwe, ikauke kivulini. Ianikwapo juani juu ya bati, gundi inayounganisha sponji na bamba huanza kuachia. Petroli na tina zisitumiwe kamwe, ingawa hazikosekani karakanani, kwa maana huyeyusha gundi hiyo hiyo. Nati ipanguswe ikauke kabisa ili isishike kutu, na ipakwe tone dogo la mafuta, dogo kweli, kwa kuwa mafuta yakirushwa juu ya rangi huleta kazi nyingine.

Pedi isiachwe imebandikwa juu ya sahani usiku kucha, hasa ikiwa na maji. Wala mashine isilazwe juu ya pedi yake. Uzito wake huibonyeza sponji upande mmoja, na asubuhi sahani hutetemeka bila fundi kujua sababu. Ilazwe chali, au itundikwe.

Dalili za sahani iliyokwisha si za kutafutwa kwa darubini. Pedi huzunguka ikishikwa na kupindwa kwa mkono. Madoa yanayong'aa huonekana mahali ambapo vijindoano vimeyeyuka. Sponji huachana na bamba ukingoni, au ufa huonekana karibu na nati. Mojawapo yatosha. Wako wanaoipaka gundi sahani na kuibandika pedi moja kwa moja, lakini gundi huachia ikipata joto, na huachia upande mmoja kwanza, na pedi ikiruka hubaki bamba tupu likizunguka juu ya mlango wa motokaa ya mtu.

Sahani iliyokwisha isitupwe ikiwa nzima. Katika chungu za vyuma vya karakana hakuna kitu kinachokaa bila kuokotwa, na mwokotaji mara nyingi ni kijana mwenye grainda. Sponji yake ichanwe kwa kisu na bamba lipasuliwe kwa nyundo, ndipo itupwe.